GPS ya baiskeli kwa safari za wikiendi, nichukue ipi?

Swali: "Habari kaka. Naishi Kimara, nina mountain bike ya mtumba ya tairi 29, naendesha wikiendi tu na wenzangu watatu, hatushindani na mtu. Huwa tunaenda Pugu na Kisarawe, mara mojamoja Bagamoyo, na mwakani tunataka kupanda Lushoto. Sasa hivi natumia simu kwenye usukani ila juani sioni kitu na chaji inakata kabla hatujarudi. Nimetenga laki sita. Mtu mmoja ananiuzia Garmin Edge 530 iliyotumika, dukani nimeona iGPSPORT mpya, na fundi wa mtaani ananiambia nichukue GPS ya bodaboda ni rahisi zaidi. Nichukue ipi? Na je GPS inakula bando kiasi gani?"

Nzuri dada, na asante kwa kuandika kwa urefu, manake mtu akiniuliza tu "GPS gani nzuri" nakosa pa kuanzia. Nimalize kwanza la bando kwa sababu ni jepesi na linawachanganya wengi. GPS yenyewe haili bando hata kidogo. Setilaiti ziko juu huko kama kilomita 20,200, zinatuma mawimbi usiku na mchana, kifaa chako kinasikiliza tu na hakirudishi chochote kule, kikizisikia nne kwa pamoja kinapiga hesabu yake na kujua kipo wapi, basi. Ni bure kwa mtu yeyote duniani. Kinachokula bando ni ramani, zile picha za barabara ambazo simu inazivuta kila ukisogea. Ukipakua ramani ya Tanzania nzima nyumbani kwenye waifai unaweza ukaiweka simu kwenye hali ya ndege kutoka Kimara mpaka Kisarawe na bado itakuonyesha ulipo. Vifaa vya baiskeli ndivyo vinavyofanya kazi hivyo, ramani ipo ndani, hakuna laini, hakuna vocha.

Na GPS ya bodaboda achana nayo kwa kazi hii. Ile ina laini ya simu ndani na kazi yake ni kumwambia mwenye pikipiki chombo chake kiko wapi, haina skrini, haikuonyeshi njia yoyote. Kulinda baiskeli isiibiwe ni mada nyingine na ina vifaa vyake.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Watu wakienda dukani wanauliza skrini inchi ngapi, betri masaa mangapi, ina Bluetooth au haina, na yote ni maswali halali, ila lile linaloamua kama kifaa kitakusaidia au kitabaki pambo la usukani ni hili: kile kidoti chako kikitokea kwenye skrini, chini yake kumechorwa nini? Kujua ulipo, kila kifaa kinajua, hata simu ya kawaida eneo la wazi inakosea mita tano hivi. Tofauti ipo kwenye ramani. Garmin nyingi zinazouzwa huku mkononi zimetoka Ulaya na ndani zina ramani ya Ulaya, ukiiwasha Kisarawe unapata kidoti katikati ya karatasi tupu, labda na barabara kuu moja inayopita mbali, na hapo ndipo mtu anasema "GPS mbovu" wakati kifaa ni kizima kabisa.

Ramani inayotufaa sisi ni ya OpenStreetMap, ile iliyoanza Uingereza mwaka 2004 na inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Garmin inaitumia kwenye ramani zake za baiskeli, Wahoo inaitumia, iGPSPORT inaitumia, Komoot na Strava (programu za simu za kupanga na kurekodi safari) pia. Kwa Dar tuna bahati kubwa, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakachora mitaro, vichochoro na nyumba kwenye maeneo yanayofurika, kwa hiyo mitaa ya Dar imechorwa kwa undani ambao miji mingi hapa Afrika haina. Ukitoka nje ya mji ndio mambo yanabadilika. Njia nyingi za vijijini zimechorwa na mtu aliyekaa mbali anaangalia picha ya setilaiti, ameona mstari mweupe kwenye majani akauchora, hajui kama ni njia ya baiskeli, njia ya ng'ombe au mtaro uliokauka. Ndio maana utakuta njia imenyooka vizuri kwenye skrini halafu inaishia kwenye shamba la mihogo la mtu. Na ile reli ya SGR ya kwenda Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, inapita hukohuko Pugu, njia za zamani zilizokuwa zinakatiza moja kwa moja sasa lazima utafute kivuko chake, na si kila ramani iliyopakiwa kwenye kifaa imeshajua hilo. Kwa hiyo kifaa utakachonunua lazima kiwe kile ambacho wewe mwenyewe unaweza kubadilisha ramani yake. Hilo ndilo sharti langu la kwanza, kabla ya bei na kabla ya jina la kampuni.

Sharti la pili ni kujua tofauti ya kifaa chenye ramani na kifaa chenye mstari tu, manake wauzaji wanasema vyote "vina navigesheni". Cha mstari (mfano Garmin Edge 130 Plus, au iGPSPORT BSC200) unakiwekea njia uliyoipanga nyumbani, kinakuonyesha mstari na kishale cha kwako, na ukitoka nje ya mstari kinapiga kelele. Ni rahisi, betri inakaa, na kwa Bagamoyo kinatosha kabisa kwa sababu ukishaingia Bagamoyo Road ni Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, utapotelea wapi? Sasa chukua msitu wa Pugu na Kazimzumbwi. Unashuka kwenye kinjia, vumbi jekundu, umefika mahali njia zinagawanyika tatu na zote zinaelekea upande uleule kwa mita thelathini za mwanzo. Mstari unasema nenda mbele kidogo kushoto. Njia mbili ziko mbele kidogo kushoto. Ukiwa na kifaa chenye ramani unabonyeza kukuza, unaziona zote tatu zimechorwa, unaona ile ya katikati inarudi kulekule ulikotoka na ya kushoto ndiyo inayoteremka kwenda upande wa Minaki, sekunde kumi umeamua, mnaendelea. Ukiwa na mstari unaenda mita mia, kifaa kinalia, mnageuza baiskeli nne kwenye kinjia chembamba, mnarudi. Ikitokea mara moja ni stori, ikitokea kila njia panda wenzako wataanza kuangalia simu zao.

Wewe unaenda Kisarawe na unataka Lushoto. Chukua chenye ramani. BSC200 na Edge 130 Plus zitoe kwenye orodha hata kama bei inavutia.

Tuje kwenye hizo mbili ulizotaja. iGPSPORT ni kampuni ya China na modeli zake zinafanana majina mpaka zinachosha, kwa hiyo usiniambie "iGPSPORT" tu, geuza boksi usome. BSC100S ni ya kupima mwendo na umbali, kwa safari zenu haifai. BSC200 ni mstari. BSC300 na iGS630 ndizo zina ramani ya rangi. BSC300 kampuni yenyewe inaitangaza masaa 20, iGS630 masaa 35, na masaa ya matangazo siku zote yapunguze kidogo, ila hata ukipunguza robo nzima bado unaenda Bagamoyo na kurudi na siku ya pili unatoka tena bila kuchaji. Kwa laki sita kuipata BSC300 mpya inawezekana, nyingine zinaingia kwa wanaoagiza mtandaoni, tafuta muuzaji atakayekubali uiwashe mbele yake na uulize ramani ya Tanzania iko ndani au unaipakua wewe.

Garmin Edge 530 ilitoka mwaka 2019. Ni ya batani tupu, haina tachi, na hilo kwangu ni sifa, mkono ukiwa na jasho na vumbi au mvua ikinyesha tachi inasumbua wakati batani inabonyezeka hata na glavu. Ilitangazwa na betri ya masaa 20, ina kipimo cha mwinuko kinachotumia shinikizo la hewa, na ina ClimbPro ambayo nitaieleza tukifika Lushoto. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kuiandikia jina la mahali ikakutafutia kama simu, njia unaipanga kwenye simu au kompyuta halafu unaituma, na ukipotea mbali na njia ukaiacha ikutafutie nyingine inachukua muda wake kufikiri. Mimi hilo halinisumbui kwa sababu napenda njia nipange nyumbani nikiwa nimekaa. Mtu asiyependa kupanga angefurahia zaidi Edge Explore 2, ya tachi, skrini ya inchi tatu, imetengenezwa hasa kwa watu wa kutembea kama nyinyi, lakini ilitoka kwa dola 300 na ukiongeza usafiri na ushuru laki sita yako haifiki. Edge 540 ilitoka kwa dola 350, sizungumzii hata hiyo, na 1040 ni ya watu wa mashindano, usiku wako ulale salama bila hizo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: 530 iliyotumika, kama itapita majaribio nitakayokupa sasa hivi na kama bei iko chini ya laki nne na nusu. Isipopita hata jaribio moja, usimbembeleze muuzaji, nenda kachukue iGPSPORT mpya yenye ramani. Sababu ya kuiweka 530 mbele ni kwamba faili la ramani unaliweka mwenyewe kwa waya, halihitaji ruhusa ya kampuni, na ramani mpya zinatengenezwa bure na watu wa OpenStreetMap mara kwa mara, maana yake njia ya Kisarawe ikirekebishwa leo wewe baada ya muda mfupi unayo.

Majaribio sasa. Kutana na muuzaji nje, mahali pa wazi, mchana. Kifaa kiwe kimechajiwa. Washa, subiri kishike setilaiti, kama hakijawashwa siku nyingi au kimetoka nchi nyingine kinaweza kuchukua dakika kadhaa kwa sababu kinapakua upya taarifa za setilaiti kutoka angani na zinakuja polepole sana, usiogope. Kikishashika anza kurekodi safari, andika asilimia ya betri, halafu kaeni mnywe soda lisaa lizima. Kifaa cha masaa 20 kinatakiwa kula kama asilimia 5 au 6 kwa saa. Kikila 8 bado ni cha kutumia. Kikila 15 hesabu inakwambia betri nzima ni masaa sita na kitu, hiyo imechoka na kuibadilisha inabidi kifaa kifunguliwe, kikishafunguliwa sina imani tena na uwezo wake wa kuzuia maji. Wakati mnasubiri bonyeza kila batani, hasa zile za chini za kuanzisha safari na kuhesabu mzunguko (lap) ndizo zinazokufa kwanza. Geuza nyuma, angalia vile vimasikio viwili vinavyoingia kwenye holda, kikivunjika kimoja kifaa kitaruka kwenye shimo la kwanza. Fungua kile kimpira cha kufunikia tundu la chaji, kikiwa kimelegea au hakipo vumbi na maji vitaingia. Angalia namba ya mwinuko, mkiwa Masaki au Kunduchi iwe mita chache tu, ikikwambia uko mita mia mbili juu ya bahari kale katundu ka hewa kameziba au kipimo kimekufa (kuziba kunasafishika kwa maji ya kawaida, kufa hakusafishiki). Mwisho, muuzaji akiondoe kifaa kwenye akaunti yake ya Garmin Connect mbele yako na akirudishe kwenye hali ya kiwandani. Akikataa au akisema hajui akaunti ni ya nani, ondoka, hicho kina mwenyewe anakitafuta.

Ukishanunua, kazi ya kwanza ni ramani. Unachukua waya wa USB, hakikisha ni waya wa data, zile nyaya za bure za kuchajia tu zitakufanya uamini kifaa kimeharibika. Ukichomeka kwenye kompyuta kinatokea kama flashi, ndani kuna folda inaitwa Garmin. Kabla ya chochote nakili folda lote uliweke pembeni kwenye kompyuta. Halafu unatafuta ramani ya Tanzania ya OpenStreetMap iliyotengenezwa kwa ajili ya Garmin, faili linaishia na .img, ni mamia ya MB kwa hiyo lipakue usiku wa bando la ofa, lipe jina lako mwenyewe kama tanzania.img ili lisifute lililopo, liweke mule ndani, chomoa kwa utaratibu. Kwenye kifaa ingia mipangilio ya ramani uzime ya Ulaya uwashe ya Tanzania, usiziache zote mbili zimewaka maana hapo ndipo kifaa kinakuwa kizito. Jaribu hapohapo nje ya nyumba yako, ukiona vichochoro vya Kimara vimetokea umemaliza.

Kazi ya pili ni kupanga njia, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu kifaa cha milioni mbili na cha laki mbili vyote vitakupeleka pabaya kama njia yenyewe ilipangwa vibaya. Kuna BRouter, programu ya bure ya kupanga njia, unaifungua kwenye kompyuta, unachagua aina ya baiskeli, unabonyeza unapoanzia na unapoishia, inakupa faili la GPX, yaani njia yako iliyohifadhiwa ambayo kifaa kinaweza kuifungua. Shida ni kwamba hizi programu zinaamua kwa maneno yaliyoandikwa kwenye ramani, na barabara zetu nyingi hazijaandikwa kama ni lami, changarawe au mchanga, kwa hiyo programu inabahatisha. Ukisema Kimara mpaka Kisarawe inaweza kukutupa Morogoro Road kati ya malori, au ikikwepa barabara kubwa ikuingize kwenye mchanga unaosukuma baiskeli nusu saa. Usikubali mstari wa kwanza. Vuta njia kwa kidole ipite Malamba Mawili na Kinyerezi ambako unapajua, halafu washa picha ya setilaiti uifuate kipande kwa kipande, ukiona rangi nyeupe pana ni mchanga, ukiona mstari wa kahawia wenye alama mbili za magurudumu hapo magari yanapita na baiskeli itapita. Angalia pia ramani ya joto ya Strava, inayoonyesha njia watu wanazopita kwa wingi, njia yenye rangi kali hata kama haina jina kuna binadamu wanapita pale mara kwa mara. Na kuna jambo hakuna programu inalijua, nalo ni Aprili. Masika ikishakolea zile njia za udongo za Kisarawe zinashika kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, mstari kwenye skrini uko vilevile kama ulivyokuwa Septemba. Hapo unampigia mtu anayekaa kule.

Ukishatuma faili, lifungue kwenye kifaa kabla ya siku ya safari, kiwake, kiseme umbali. Faili za GPX nyingi hazina maelekezo ya kona ndani yake, ni mlolongo wa nukta tu, kifaa chenye ramani kinajitengenezea kona chenyewe kikilinganisha na barabara, na ndio sababu nyingine ya kutaka ramani. Asubuhi ya safari kiweke nje juu ya ukuta wakati unajaza upepo, kishike setilaiti kwa utulivu, ukiondoka tu mara ulipokiwasha kilomita ya kwanza itakuwa imepindapinda.

Muuzaji anaweza kukusisitizia ulipe zaidi kwa kifaa cha masafa mawili ya setilaiti, L1 na L5, yaani kinachosikia mawimbi ya aina mbili kutoka setilaiti ileile badala ya moja. Faida ipo ya kweli. Sisi tuko karibu na ikweta, na hewa ya juu sana huku, hasa jioni baada ya jua kuzama, huwa inachafuka na kuyumbisha mawimbi ya GPS kuliko Ulaya, kifaa cha masafa mawili kinajirekebisha vizuri zaidi. Chini ya miti mikubwa ya Magamba kule Lushoto au kwenye makorongo pia utaona mstari wako umetulia. Lakini kwa kuchagua njia kwenye njia panda kukosea mita sita au kumi hakubadilishi kitu, labda njia mbili ziwe zinakwenda sambamba kabisa. 530 haina masafa mawili, iGPSPORT za bei yako baadhi zinayo baadhi hazina. Ikija kwa bei ileile chukua. Kuongeza laki kwa ajili hiyo peke yake, hapana.

Skrini. Umesema juani huoni, na kosa si lako wala la simu kuwa ya bei rahisi. Skrini ya simu inawaka kwa taa yake yenyewe, inabidi ishindane na jua la saa sita, ndiyo inakula chaji ikijaribu kushinda. Skrini za hizi 530 na wenzake zinatumia mwanga wa jua lenyewe kurudisha picha, jua likiwa kali ndio zinasomeka zaidi, rangi zake zimefifia ukiilinganisha na simu na dukani ndani utaiona mbaya, toka nayo nje ndipo uihukumu. Simu kwenye usukani ina hatari nyingine pia, Apple wenyewe Septemba 2021 waliwaonya watu kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, baiskeli haina injini ila barabara zetu za matuta nazo zinatetemesha, mimi simu naiweka mgongoni au kwenye begi la chini ya siti.

Simu usiitupe lakini. Muwe mnabeba, mmoja wenu ambaye si wewe aweke Organic Maps au OsmAnd (programu za ramani zisizohitaji intaneti), apakue Tanzania, aweke faili lilelile la GPX, simu izimwe mtandao ikae kwenye begi. Kifaa kikigoma mnayo ya pili. Na kama hata laki sita ikipata matumizi mengine, mpango huohuo wa simu ya zamani yenye betri nzuri, ramani ya bila intaneti, pawabenki na kifaa kimoja cha sikio kinachokwambia kona kwa sauti, skrini imezimwa, unafika Kisarawe na kurudi. Saa za mkononi zinarekodi vizuri sana, kwa kufuata njia hazinifai, kila njia panda unatoa mkono kwenye usukani ugeuze kiwiko.

Usalama kidogo. Mkisimama kununua maji chomoa kifaa uweke mfukoni, ni robo ya mzunguko tu kinatoka. Holda nunua ile inayotangulia mbele ya usukani na ufunge na ile kamba yake ndogo kwenye usukani, kwenye barabara ya vumbi ndiyo itakayokuokoa. Na ukiunganisha na Strava ingia kwenye faragha ufiche sehemu ya mwanzo na mwisho wa safari, vinginevyo kila mtu anayekufuata anaona baiskeli yako inalala nyumba gani Kimara na unaondoka saa ngapi.

Sasa Lushoto. Toka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kilomita thelathini na kitu za lami, mnaanzia tambarare ya joto na mnafika kama mita 1,400 juu ya bahari, yaani mnapanda takriban mita elfu moja nzima, kona juu ya kona na ukuta wa mlima upande mmoja. Hapo ClimbPro inalipa. Ukiwa umepakia njia, kila mlima unapoanza kifaa kinafungua ukurasa wake chenyewe, kinakuchorea mlima wote uliobaki kwa rangi, kilomita ngapi bado, mita ngapi za kupanda bado, na kipande kikali kipo wapi. Mtu asiyeujua mlima anamaliza nguvu kabla ya Soni kwa sababu kila kona anadhani ndiyo ya mwisho, ukiona kwamba bado mita 600 unashuka gia, unakunywa maji, unawaambia wenzako twende taratibu. iGPSPORT zenye ramani nazo zina ukurasa wa mlima wa aina hiyo, muuzaji akuonyeshe. Kumbuka inafanya kazi ukiwa umepakia njia, ukiendesha bila njia kifaa hakijui unaelekea mlima gani.

Juu kule, ukitoka Lushoto kwenda Irente au kuingia upande wa Magamba na vijiji vya mbele, mtandao unakuja na kupotea kwenye mabonde, kwa hiyo faili zote za siku zote ziwe ndani ya kifaa na ndani ya simu ya akiba kabla hamjapanda basi Dar. Usitegemee kupakua ukiwa Lushoto. Andika pia kwenye karatasi majina ya vijiji kwa mpangilio mtakavyovipita, manake ukimuuliza mama wa sokoni njia ya kwenda kijiji fulani atakujibu vizuri na kukwambia daraja limeondoka au gari halipiti, ukimwonyesha mstari wa zambarau kwenye kiskrini atakuangalia tu.

Ukikutana na huyo wa 530 niandikie asilimia ya betri ya mwanzo na baada ya saa moja, na kama umeamua iGPSPORT nitumie jina kamili la modeli lililoandikwa chini ya boksi kabla hujatoa hela.